Ndege Njema na Ndege Mwema: Tahakiki ya Maandishi juu ya Ndege wa Ufipa na Rukwa

Neno ndege katika Kiswahili lina maana tatu, na sarufi ndiyo inayozitenga. Mtu akisema ndege mwema, amemtaja kiumbe mwenye mbawa, atagaye mayai na kulea makinda. Akisema ndege njema, ametaja fali ya heri, yaani dalili iliyomkuta msafiri njiani ikamwahidi salama. Na akisema ndege mbili zimetua, kila asikiaye anajua ya kuwa habari ni ya vyombo vya chuma. Maana ya pili imeanza kuzeeka katika vinywa vya watu, lakini katika fikira haijafa. Hata leo mwandishi wa Kiswahili anapomtia ndege katika maneno yake, mara nyingi anaandika ndege njema au ndege mbaya. Ndege mwema hayumo. Kiumbe ameondoka, imebaki dalili.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwashughulisha wanasarufi tu. Walakini linagusa swali kubwa zaidi, nalo ni namna nchi inavyojiandika yenyewe. Makala haya yanayapitia maandishi mbalimbali yahusuyo ndege wa uwanda wa Ufipa na bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, na kuyauliza mambo mawili: ni wapi ndege ametazamwa kwa ajili ya nafsi yake, na ni nani aliyemtazama? Ufipa imechaguliwa kwa sababu ni nchi iliyoandikwa na watu wenye akili na subira, kila mmoja kwa njia yake, na hata hivyo maandishi yao hayajakutana.

Yafaa kuanza na fasihi yenyewe. Katika ushairi wa Kiswahili, wa kale na wa sasa, ndege kwanza ni mjumbe. Njiwa hupewa salamu azipeleke. Hua hulia kwa niaba ya mpenzi aliyeachwa. Kasuku husema yale ambayo binadamu huogopa kuyasema. Tai hupewa ufalme, na kunguru hupewa woga. Hapana kosa katika desturi hiyo, maana mshairi ana haki ya kutuma amtakaye. Lakini msomaji akiisha kusoma beti zote hajui njiwa yule alikuwa wa rangi gani, alikula nini, wala alijenga wapi. Ndege ametumwa, na kama ilivyo kwa kila mtumwa, hakuulizwa habari zake mwenyewe.

Baada ya mjumbe huja mwenye kuagua. Mji wa Sumbawanga una jina ambalo, kwa maelezo yaliyozoeleka, limetokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi: aingiaye mjini auache nje. Katika mji wa jina kama hilo, bundi ni ndege wa kufikiriwa vema, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa mwenzi wa wanga. Akitua juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, na pengine huuawa. Wasomi huicheka imani hiyo na kuiita ujinga, lakini kicheko si tahakiki. Watu waliomwona bundi juu ya paa walimwona kweli. Bundi hufuata panya, panya hufuata mahindi, na mahindi huwekwa penye watu. Tena mgonjwa mahututi hakeshi peke yake. Wanaomwuguza hukesha naye, na mwenye kukesha ndiye asikiaye sauti za usiku. Basi bundi na kifo vikasikika katika saa moja, na saa ikageuzwa kuwa sababu. Macho yaliona sawasawa. Kosa ni kwamba yaliharakia maana kabla hayajamaliza kutazama.

Tofauti yake ni tipitipi, ambaye sauti yake husemwa kuwa dalili ya mvua. Hii nayo ni fali, lakini ni fali inayoweza kupimwa, kwa sababu mkulima aliyemsikia tipitipi leo ataiona kesho mvua imekuja au haikuja, na mwaka utakaofuata atasikia tena. Kati ya bundi na tipitipi pana njia nzima ya elimu: mmoja aliachwa katika hofu, mwingine aliingizwa katika kalenda ya kilimo. Yeyote asemaye kwamba wenyeji hawakuwa na uchunguzi wa ndege kabla ya vitabu hajaifikiri njia hiyo.

Nchi yenyewe imeumbwa kwa namna ya kuwavuta wachunguzi. Sumbawanga umekaa kwenye kimo cha kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini kwa upande wa mashariki, kwenye kimo cha mita 800 hivi. Magharibi liko Ziwa Tanganyika. Mtu ashukaye kutoka uwandani hadi Muze au Mtowisa katika bonde la Rukwa hutelemka kama mita 1,000 kwa mwendo mfupi tu, na katika mteremko huo nchi hubadilika na ndege hubadilika nayo. Juu kuna nyasi, na mashamba ya matuta ambamo Wafipa huzika majani chini ya udongo yaoze na kuwa mbolea. Katika milima ya Mbizi, juu ya mji, kuna mapande ya msitu wa baridi yaliyozungukwa na nyasi kama visiwa. Chini kuna mbuga zinazofunikwa na maji ziwa linapojaa na kufunuliwa linapopungua. Ndege wa msitu wa Mbizi hawezi kuishi mbugani, wala ndege wa matete ya Rukwa hana kazi Mbizi.

Elimu ya ndege kwa maana ya vyuo vya Ulaya iliingia upande huu kwa bunduki na kwa dawa ya kukausha ngozi. Mjerumani Richard Böhm, aliyezaliwa mwaka 1854, alisafiri katika nchi za magharibi ya Tanzania ya leo pamoja na mwenzake Paul Reichard tangu mwaka 1880, akafariki mwaka 1884 katika Katanga kabla hajatimiza miaka 30. Huko Berlin, Anton Reichenow aliwapa ndege majina ya wasafiri hawa. Mwaka 1882 keremkerem mmoja mdogo, wa kijani, mwenye utosi wa hudhurungi na manyoya mawili marefu ya mkia, aliitwa Merops boehmi. Na mwaka 1886 mnana wa nchi za maji za Rukwa na jirani zake aliitwa Ploceus reichardi. Mwaka 1900 ndege wa nyasi za milimani, mwenye koo la njano lililozungushwa mstari mweusi na ukucha mrefu wa nyuma, aliitwa Macronyx fuelleborni, kwa heshima ya daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn.

Majina haya yahukumiwe kwa haki. Kwa upande mmoja yamefanya kazi kubwa: tangu yalipoandikwa, mtu wa Berlin na mtu wa Nairobi wanaweza kumzungumza ndege mmoja bila kugombana juu ya ni yupi. Jina la kitaalamu ni anwani, na anwani haihitaji kuwa shairi. Kwa upande mwingine, jina la heshima humpa msomaji habari za rafiki wa mtoa jina, wala halimpi habari za ndege. Keremkerem amebeba jina la kijana aliyekufa safarini, na utosi wake wa hudhurungi haukutajwa. Hivyo ndege aliyekuwa mjumbe wa mshairi amekuwa mjumbe wa mtaalamu, na kwa mara ya pili hakuulizwa habari zake.

Aliyemwuliza alikuja kwa sababu ya nzige. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940 nzige wekundu walienea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya ikweta, na ikajulikana kwamba bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana na kuanza safari zao. Mwaka 1949 ikaundwa idara ya kimataifa ya kuwazuia, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng’ambo ya mpaka wa Zambia. Miongoni mwa watumishi wake alikuwa mtaalamu wa wadudu Desmond Vesey-FitzGerald, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa nzige, lakini aliyetaka kuwajua nzige alikuwa hana budi kuzijua nyasi, na aliyezijua nyasi alikuwa hana budi kuwajua wanaozila na wanaowinda humo. Mwaka 1955 aliandika katika jarida la Ostrich juu ya ndege walao nzige wekundu katika bonde la Rukwa. Mwaka 1960 alieleza jinsi wanyama wanavyofuatana malishoni, wakubwa wakikanyaga nyasi ndefu na kuwafungulia njia wadogo. Mwaka huohuo, pamoja na J. S. S. Beesley, alichapisha orodha yenye maelezo ya ndege wa bonde la Rukwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Kwa mhakiki, makala ya mwaka 1955 ina jambo jipya kuanzia kichwa chake. Ndege hapo si jina wala dalili, ni mtendaji. Anakula nzige. Amewekwa katika mlolongo wa mambo ambao mwanzo wake ni maji ya ziwa na mwisho wake ni chakula cha mkulima aliye mbali na Rukwa. Hapa ndipo ndege mwema anapoingia katika maandishi ya nchi hii, naye ameingia akifanya kazi. Ni sadfa ya kufikirisha kwamba aliyemwingiza ni mtu wa wadudu, wala si mtu wa ndege. Yamkini ni kwa sababu hakumtafuta ndege ili amhesabu kuwa mali yake. Alimkuta katika shughuli.

Orodha ya mwaka 1960 ni aina nyingine ya uandishi, nayo yastahili kusomwa kama fasihi, kwa maana ina sheria zake kama utenzi. Orodha yenye maelezo humpa kila ndege nafasi fupi: jina, mahali, msimu, wingi au uchache. Haina utangulizi wa sifa wala hitimisho la mawaidha. Uzuri wake ni uaminifu, kwa kuwa mwandishi hutakiwa kutaja kilichokuwako, na kunyamaza juu ya kilichokosekana. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea makala zinazoanza na kuumbwa kwa ulimwengu angejifunza mengi kwa kunakili ukurasa mmoja wa orodha kama hiyo, apate kujua jinsi neno moja, la mahali au la mwezi, linavyoweza kubeba uzito.

Lakini aina hii ina upungufu wake, nao umo katika sarufi. Orodha za ndege hupenda kusema kwamba ndege fulani ameonekana mahali fulani. Kiswahili kina kitenzi kinachoafikiana kabisa na adabu hiyo. Mtu akiandika “korongo alionekana Muze”, sentensi imetimia wala haidai mtazamaji. Na anayetaka kumtaja mwenye jicho huvutwa aache kuonekana na kushika kuonwa. Elimu ya ndege imeishi sana katika kuonekana na kidogo mno katika kuonwa. Kuutafuta mdudu na ndege katika mbuga pana kama za Rukwa si kazi ya macho mawili. Palikuwa na wapagazi, wapishi, wavuvi, na vijana waliojua ni wapi ndege hulala na ni lini hutaga. Aina hii ya uandishi haikuwa na nafasi ya kuwauliza majina, na isipotolewa nafasi, hata mwandishi mwadilifu husahau.

Miaka michache baadaye alikuja Ufipa mtu aliyekuwa na nafasi hiyo. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alikaa na Wafipa katika miaka ya 1960, akaandika historia yao na sanaa yao ya maneno. Katika kitabu chake Man and Beast, cha mwaka 1974, alilinganisha watu watatu na mnyama ambaye kila mmoja wao humfikiria zaidi: Wanuer na ng’ombe, Walele na kakakuona, Wafipa na chatu. Ni kitabu chenye fikira kali, na hoja yake ya msingi, kwamba watu hujieleza wenyewe kwa kumweleza mnyama, yapaswa kufundishwa katika kila darasa la fasihi simulizi. Lakini kwa mujibu wa hoja hiyohiyo mnyama ni lugha ya binadamu. Chatu wa Ufipa katika kitabu hicho ni alama, na alama haitagi mayai.

Basi uwanda mmoja na bonde lake vimepata maandishi mawili makubwa ndani ya miaka 15, na maandishi hayo yamepeana mgongo. Upande mmoja kuna ndege, na watu hawana majina. Upande mwingine kuna watu, na kiumbe amegeuka kuwa fikira. Hapana haja ya kuwalaumu waandishi, kwani kila mmoja alitimiza sheria za elimu yake. La kujuta ni kwamba hapakuwa na lugha ya tatu ya kuwakutanisha, lugha ambamo mvuvi wa Rukwa ni mtazamaji na ndege ni ndege. Lugha hiyo ilikuwako vinywani, nayo ni Kifipa na Kiswahili. Haikuwako kwenye karatasi.

Wala upungufu huu si wa Ufipa peke yake. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa kiasi cha sentimita 80. Alikuwa ameruka nao mpaka Ulaya, na mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Wakati ule wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege huenda wapi wakati wa baridi; mkuki ule ukawa hati. Wahenga wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na korongo yule alikuwa na kamba yake shingoni. Pete za chuma za kuwatia ndege miguuni hazikuanza kutumika kwa utaratibu wa kisayansi mpaka mwaka 1899, alipozianzisha mwalimu Mortensen huko Denmark. Ushahidi wa kwanza uliandikwa na mwindaji wa Afrika, na jina lake halijulikani.

Wengine majina yao yamejulikana, lakini kwa kuchelewa. Reginald Moreau, aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara tangu mwaka 1928 hadi 1946, ndiye aliyekuja kukadiria kwamba kila mwaka ndege wa nchi kavu wapatao milioni 5,000 huja Afrika kutoka kaskazini. Huko Amani alifanya kazi na Salimu Asmani, mtafutaji hodari wa ndege. Katika Malawi na Zambia za leo, Constantine Benson alifuatana kwa miaka mingi na Jali Makawa, mtu aliyesifiwa kwa kuzijua sauti za ndege. Mwanahistoria Nancy Jacobs, katika kitabu chake Birders of Africa cha mwaka 2016, amewarudisha watu kama hawa katikati ya hadithi, na tangu hapo haiwezekani kusoma orodha za zamani kwa macho yaleyale.

Habari ya Jali Makawa ina mwisho wa kuhuzunisha. Tarehe 6 Septemba 1964, wiki chache kabla ya uhuru wa Zambia, alimpata katika wilaya ya Kabompo, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, ndege mdogo mwenye kifua cheupe ambaye hakuna aliyepata kumwona. Mwaka 1965 Benson na mwenzake Irwin walimpa ndege huyo jina Pogoniulus makawai. Hajapatikana mwingine hata leo. Katika miaka ya karibuni uchunguzi wa nasaba umewaelekeza wataalamu wengi kuamini kwamba hakuwa wa namna ya peke yake, bali ni mmoja wa ndege wa kawaida aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida. Sayansi ina haki ya kujisahihisha, na Böhm na Reichard nao wanaweza kunyang’anywa ndege zao siku yoyote kwa ushahidi wa namna hiyo. Lakini wao wana majina mengine katika vitabu. Heshima iliyowekwa mahali pamoja tu hupotea yote kwa mara moja. Fundisho kwa Waswahili ni kwamba wasiombe majina ya heshima. Waandike maelezo yenye majina ya watazamaji ndani yake, kwa maana maelezo ya kweli hayafutwi na mabadiliko ya nasaba.

Katika vitabu vya kumwongoza mtazamaji, maendeleo yamekuwa makubwa, nayo yana ramani yake. Mackworth-Praed na Grant walitoa majuzuu yao mawili juu ya ndege wa mashariki na kaskazini mashariki ya Afrika mwaka 1952 na 1955, vitabu vizito vya kuwekwa mezani. Mwaka 1963 John Williams alitoa kitabu cha kuchukuliwa mkobani. Mwaka 1996 kilitoka kitabu cha Zimmerman na wenzake, kizuri mno, ambacho kwa jina lake lenyewe kiliishia kaskazini mwa Tanzania. Mtu wa Sumbawanga alikuwa nje ya jalada. Ufipa iliingia kikamilifu katika kitabu cha mkononi mwaka 2002, Stevenson na Fanshawe walipokusanya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi pamoja. Mwaka huohuo Neil na Liz Baker, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakikusanya taarifa za atlasi ya ndege wa Tanzania, walitoa orodha ya mahali muhimu kwa ndege nchini, na Ziwa Rukwa limo. Leo mtu mwenye simu anaweza kurekodi sauti msituni na kuambiwa ndege ni yupi kabla hajashusha mkono. Lakini vitabu vyote hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Milango imefunguliwa, na asiyejua lugha ya mlangoni amebaki kibarazani.

Je, Kiswahili kiko tayari kumpokea? Hapa tahakiki haina budi kugeukia nyumbani. Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata, zimehifadhi majina mengi ya ndege. Lakini maelezo yake mara kwa mara ni kwamba neno ni jina la ndege wa aina fulani, mdogo au mkubwa, na hapo mwandishi huweka nukta. Neno korongo ni mfano. Korongo ni yule mweupe atokaye Ulaya kufuata nzige; korongo ni marabu, ajengaye tago lake katika kuta za mwamba kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani kusini mwa Ufipa; korongo ni yule wa taji la dhahabu achezaye ngoma majanini; na juu ya hayo, korongo ni bonde la mmomonyoko lililochimbwa na maji ya mvua. Mwenye kusema katika mkutano wa kijiji kwamba makorongo yamezidi atakuwa analia juu ya udongo, na mwenye kusema makorongo yamepungua atakuwa analia juu ya ndege, na huenda sababu ikawa moja.

Inaweza kujibiwa kwamba sayansi inalo jina la Kilatini, na kwamba Kiswahili hakipungukiwi kitu kikimwacha ndege katika ujumla wake. Jibu hilo lingetosha kama mambo ya ndege yangeamuliwa na wanasayansi peke yao, lakini hayaamuliwi hivyo. Mwaka 2009 nzige wekundu waliongezeka tena katika mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, na kiasi cha hekta 10,000 zikanyunyiziwa, kutoka angani, dawa iliyotengenezwa kwa kuvu ambayo huua nzige bila kuwadhuru viumbe wengine. Uchaguzi wa dawa hiyo badala ya sumu kali ulikuwa uchaguzi juu ya maisha ya ndege walao nzige. Ndege zikapita juu, ndege wakala chini; sarufi ikayatenga mambo mawili ambayo neno limeyaunganisha. Uchaguzi kama huo utarudi, maana nzige watarudi, na msitu wa Mbizi utaendelea kuombwa kuni na mashamba. Watakaoketi kuamua ni madiwani, wenyeviti wa vijiji, walimu na wachungaji, nao wataamua kwa Kiswahili. Ndege asiye na jina lake hasa katika lugha ya mkutano hawezi kutetewa mkutanoni. Atatajwa kuwa ndege tu, na ndege tu hawapungui kamwe, kwa sababu daima kuna wengine.

Kinachotakiwa basi si kutafsiri vitabu vya Kiingereza ukurasa kwa ukurasa, wala kubuni majina mezani na kuyapachika. Kinachotakiwa ni nathari ya utazamaji: sentensi fupi za kweli, zilizoandikwa na mtu aliyekuwapo na kutajwa. Chukua korongo wa taji. Badala ya kusema ni ndege mkubwa wa aina fulani, kamusi ingeweza kusema hivi: ndege mrefu wa majani na vinamasi, mwili wa kijivu, mbawa zenye weupe mwingi, mashavu meupe yaliyopakwa wekundu juu, na kichwani kishungi cha manyoya magumu ya rangi ya dhahabu, hujenga tago kinamasini na hulala mitini, dume na jike hucheza pamoja kwa kurukaruka na kufungua mbawa, tangu mwaka 2012 amehesabiwa kimataifa kuwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Maneno hayo yote ni ya kawaida, hakuna hata moja lililokopwa leo. Likiongezwa jina la Kifipa kutoka kinywani mwa mzee wa Ufipa, pamoja na mahali na mwaka lilipoandikwa, maelezo yatakuwa yamevikutanisha vile vitabu viwili vilivyopeana mgongo.

Kazi hii ni ya majarida ya vyuo kabla haijawa ya serikali. Jarida linalopokea uhakiki wa tamthilia na riwaya halina sababu ya kukataa kurasa mbili juu ya ndege wa shule moja ya Sumbawanga, zilizoandikwa na mwanafunzi aliyetazama mwaka mzima, alimradi ameandika alichoona na si alichotazamia kuona. Uhakiki wa kurasa kama hizo ungekuwa uleule wa fasihi nyingine: je, neno limemfaa kiumbe, au limemfunika? Na mwanafunzi huyo akimwona bundi juu ya paa la bweni usiku, aandike saa, aandike sauti, na asubuhi achungulie chini ya paa kama kuna mifupa ya panya. Atakuwa ameifanya kazi iliyoachwa nusu na waliomtangulia: ataitazama ndege mbaya mpaka awe ndege.